Daftari la Kaki

Bagara, Babati
19 Januari 2025

Shikamoo Mama,

Barua hii itakufikia imekunjamana na ina joto la mtu, maana Mudy kondakta huziweka kwenye mfuko wa nyuma wa suruali na kuzikalia mpaka Kondoa. Ndiye tuliye naye, tufanyeje. Mwanao alitaka nikupigie simu. Nikamwambia, Baba Amira, masikio ya mama yako unayajua, tutapigiana kelele mpaka Bagara nzima wajue tumepika mboga gani.

Mjukuu wako anaendelea. Daktari anasema mfupa wa paja umeanza kushika, ila hogo la plasta haliondoki leo wala kesho, limemkaa kuanzia kiunoni mpaka kwenye kifundo cha mguu. Maumivu anayavumilia. Kilichomshinda ni Jumatatu shule zilipofunguliwa, wenzake wakapita hapa dirishani na sketi mpya wanakwenda darasa la nne. Hakulia, aligeukia ukutani tu. Tangu ile bodaboda imgonge mwezi uliopita sijamwona akicheka. Amira yule, Mama, aliyekuwa akicheka mpaka anashika tumbo!

Nimekwenda kumwona mwalimu mkuu. Ni mwema lakini hakuzunguka. Amesema mtoto akikaa nyumbani nusu mwaka hivi hivi, mwakani anaanza la nne upya. Ila kama shule zikifunguliwa Julai nitamwonyesha kazi zake, siku kwa siku, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, atamrudisha kwa wenzake na watafanya wote mtihani wa la nne. Mwalimu Hilaria wa darasa lake ameniandikia mada za kufundisha na kuniazima vitabu.

Basi nimeamua kumfundisha mwenyewe hapa nyumbani. Usicheke, Mama. Najua wewe ni mwalimu mstaafu na mimi niliishia la saba. Lakini nani mwingine atakaa naye kutwa?

Daftari nimelitengeneza kwa mikono yangu. Nimechukua karatasi za kaki dukani kwetu, zile mwanao Twalha anazofungia viungo tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku. Nimezikata sawasawa, nikazitoboa pembeni na kuzishona kwa shazia na uzi wa gunia. Tunaandika upande laini tu, ule wa pili wino unatawanyika. Jalada ni kipande cha khanga yako, ile uliyombebea Amira akiwa mchanga. Nilimpa alishike, akalinusa, akaliweka chini ya mto. Ndiyo mara ya kwanza wiki hii kutaka kitu.

Tuombee.
Mkwe wako,
Mwamvita


Kondoa
26 Januari 2025

Mama Amira,

Marahaba. Barua imefika, imekunjwa mara nne zaidi ya ulivyoikunja wewe. Ndiyo maana mimi Bismillah ya barua naisema mdomoni, siiandiki. Najua inakokwenda kukaliwa.

Sitakuficha. Niliposoma kwamba utamfundisha wewe, nilivua miwani nikaifuta, nikasoma tena. Kufundisha si kukaa na mtoto, mwanangu. Utamfundishaje kugawanya sehemu? Wewe mwenyewe unakumbuka? Nimewaona walimu wenye vyeti ukutani wakikimbia mada hiyo.

Lakini umeshaanza, na mimi si mtu wa kukuvunja moyo, basi shika haya. Kila ukurasa uanze na Bismillah, kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa madrasa, hata ukurasa wa hesabu. Elimu ni moja, anayeigawa ni Yeye. Chini ya kila ukurasa aandike jambo moja analomshukuru Mwenyezi Mungu kwa siku hiyo. Akikosea asifute wala kuchana, apige mstari mmoja aendelee. Na surah zake za Juzuu Amma zisilale kwa sababu ya mguu, anasoma kwa mdomo si kwa paja.

Halafu mnisikilize kuhusu maksi. Mwishoni nitalisahihisha daftari hilo mwenyewe, na kumi sitoi. Hapa Kondoa wanafunzi wangu mpaka leo wananiita Mwalimu Tisa, wengine wana wajukuu, na hawajanisamehe. Kumi ni ya Mungu.

Mbusu Amira kwenye paji la uso. Mwambie Bibi yake anasubiri kuona herufi zake.

Mama Twalha


Bagara, Babati
4 Machi 2025

Shikamoo Mama,

Ramadhani karim. Umefungaje? Huku mvua zimeanza na uji wa futari unakwenda kwa pilipili manga.

Agizo lako la Bismillah linatutesa, lakini kwa wema. Amira akiumwagia ukurasa wino siwezi kuutupa, siwezi kuwashia jiko, siwezi kumpa mtu afungie maandazi. Karatasi hizo nazikunja naziweka juu ya kabati. Nilipokuwa mdogo nyumbani kwetu ilikuwa hivyo hivyo, karatasi yenye maandiko ukiiokota njiani unaitafutia mahali pa juu. Sasa kabati letu limeota nundu.

Asubuhi tunaanza na surah, halafu Kiswahili, halafu hesabu. Sayansi tunasomea uani, namtoa na mkeka anaangalia kuku. Lile la shukrani ndilo gumu. Kila siku chini ya ukurasa anaandika, "Leo sina." Namuuliza, hata moja, mama? Ananiangalia. "Sina." Nimefikiria kumlazimisha.

Mama, kwa nini usije ukae nasi mpaka Idi? Chumba kipo. Mwanao anakuulizia kila tukikaa kufuturu.

Mwamvita


Kondoa
9 Machi 2025

Mama Amira,

Usimlazimishe. "Leo sina" ni neno la kweli, na amelisema mbele ya Mola wake, siyo mbele yako. Liache likae. Na aliyeandika "leo" hajasema "daima". Mimi ningekuwa mwalimu wake nisingeweka mkasi wa kosa wala tiki hapo.

Kuja siji. Nitakuambia ukweli kwa kuwa nakupenda. Mwaka jana nilikuja kwenu, mkaketi, mkacheka, nami nikacheka. Sikuwa nimesikia hata moja. Mnaweza kuwa mlisema nyumba inaungua. Nimechoka kuuliza "ati?" mpaka watu wananiambia "basi, haikuwa kitu muhimu." Hapa kwangu nina kuku wangu na redio niliyoizima, na barua zako nazisikia neno kwa neno.

Sehemu mmefika? Naona umeruka kimyakimya.

Mama Twalha


Bagara
18 Mei 2025

Shikamoo Bibi,

Mimi ni Amira. Hogo limetolewa! Mguu wangu umekuwa mwembamba kama wa jogoo na una magamba. Natembea na magongo. Jana nilifika mpaka dukani kwa baba, wateja wote wakanipa pole, mmoja akanipa tende.

Daftari letu limebaki kurasa chache tupu. Mama anasema Julai litaenda kwako kwanza halafu kwa mwalimu mkuu. Mimi nataka kurudi kwa wenzangu, sitaki kusoma na watoto wa la tatu watakaopanda.

Bibi, naomba kumi. Nimejifunza sehemu. Hata mama amejifunza.

Mjukuu wako,
Amira Twalha


Bagara, Babati
5 Juni 2025

Shikamoo Mama,

Idi ni keshokutwa na mji umechafuka. Watu wanatoka Mutuka, Dareda, kila mahali, na wote wanataka viungo vya pilau leo leo. Nakutumia mzigo mdogo wa sikukuu: tende, karafuu, na iliki nzuri iliyoingia juzi. Twalha ataufunga kesho asubuhi dukani na kumpa Mudy pamoja na barua hii.

Daftari limepata ajali ndogo, chai imemwagikia jalada. Nimekata uzi, khanga nimeifua, iko kambani. Karatasi zake nimezipeleka dukani maana shazia iko huko, na kaki za kuongezea ziko huko. Nikipata nafasi nazishona upya.

Mama, nina furaha siku hizi. Sababu yake nitakuandikia tukitulia.

Idi njema.
Mwamvita


Kondoa
10 Juni 2025

Mama Amira,

Idi imepita salama. Nilichinjiwa na jirani.

Mzigo umefika. Tende tamu. Iliki ina harufu nzuri sana, na niliifungua taratibu, nikaitazama na karatasi yake kwa muda mrefu.

Daftari linaendeleaje?

Mama Twalha


Bagara, Babati
13 Juni 2025

Shikamoo Mama,

Alhamdulillah kwa kuwa iliki imekupendeza.

Daftari halijambo. Tunaendelea nalo. Mvua zimekatika, baridi imeanza, mahindi ya watu yanakauka vizuri mashambani. Mwanao anakusalimu sana.

Mwamvita


Kondoa
17 Juni 2025

Mama Amira,

Barua yako ya mwisho ina mahindi na baridi, na daftari limepata maneno mawili. Kwa kawaida wewe ukianza habari za daftari unajaza karatasi mpaka pembeni.

Nina ombi. Ule ukurasa wa tarehe 14 Mei, mlipofanya kugawanya sehemu, nichomolee unitumie. Nataka kuona mlivyofanya. Mwalimu mstaafu hana kazi nyingine.

Mama Twalha


Babati mjini, dukani
20 Juni 2025

Shikamoo Mama,

Ni mimi Twalha. Barua yangu ya mwisho kwako niliandika nikiwa sekondari kuomba viatu, kwa hiyo usahihishe taratibu.

Mwamvita amenionyesha ombi lako la ukurasa wa tarehe 14 Mei. Amekaa nalo siku mbili, hali chakula vizuri, anatafuta uongo wa kukuandikia. Hawezi uongo, unamjua. Nimemwambia aache, nitasema mwenyewe, kwa sababu alikuwa ananificha mimi nisigombezwe. Mama, daftari la Amira nimelifungia viungo.

Ile Ijumaa ya kuamkia sikukuu watu walijaa mpaka barabarani. Karatasi za Amira zilikuwa mezani, zimelala kifudifudi, upande ulioandikwa chini. Kaki ni kaki. Nilidhani ni zile nilizokata jana yake. Nikafunga manjano, nikafunga bizari, nikafunga mdalasini, navuta tu, moja baada ya nyingine, na najisifu moyoni kuwa biashara ni nzuri. Mzigo wako pia niliufunga saa hizo hizo. Zimebaki chache tu za chini. Jioni Mwamvita alikuja na khanga yake iliyofuliwa na kupigwa pasi, akauliza karatasi ziko wapi. Sitaki kukumbuka uso wake.

Amira hasemi na mimi. Siyo kwamba ananinunia, hapana, anapita na magongo yake kama vile mimi ni gunia la mchele. Amekataa kusoma. Anasema atasoma nini tena wakati mwalimu mkuu anataka siku kwa siku, na siku zenyewe zimeliwa na pilau za watu. Na mimi ndiye baba yake, niliyesema nitamjengea rafu ya kuliwekea daftari hilo.

Lakini juzi kumetokea jambo. Kuna mteja wangu, Natalia, Mama Theophil, mkulima wa mahindi na maharage kule Mutuka. Ni Mkristo, huwa ananunua viungo vya chai. Ameingia dukani ameshika Biblia yake, nikadhani amekuja kunihubiria. Akaifungua, akatoa karatasi ya kaki iliyonyooshwa vizuri, ina doa la manjano. "Baba Amira," akasema, "haya juu si maandiko yenu? Na huku chini mtoto anazungumza na Mungu. Nimeshindwa kutupa. Nimeshindwa hata kulala na kitu hiki jikoni." Mama, nililia mbele ya wateja. Mzee mmoja akadhani nimefiwa.

Leo baada ya swala imamu ametangaza msikitini. Mama Theophil amesema Jumapili atasimama kanisani kwao wakati wa matangazo. Sijui zitarudi ngapi.

Nisamehe, na usimkasirikie Mwamvita.
Mwanao,
Twalha


Kondoa
23 Juni 2025

Twalha,

Marahaba. Kuna makosa saba ya herufi, lakini ni barua nzuri kuliko ile ya viatu.

Sijamkasirikia mke wako. Nilikuwa nimekasirika, sasa siyo tena. Mengine nitasema mwenyewe.

Kaa chini na mwanao. Usimnunulie kitu. Usimweleze kwamba kulikuwa na wateja wengi, hilo analijua. Chukua hiyo shazia ushone ulichonacho, mbele yake, na ukijichoma usipige kelele.

Mama yako


Bagara, Babati
3 Julai 2025

Shikamoo Mama,

Nianze na la kwangu. Nilikuandikia kwamba daftari halijambo, na wakati huo lilikuwa jikoni kwa watu. Niliona aibu. Ulivyouliza mwanzo kama nitaweza, nilijiambia Julai nitakuletea kitu chenyewe mkononi, uone. Halafu hata cha kukuonyesha kikawa hakipo. Nisamehe Mama yangu.

Sasa sikiliza. Zimerudi!

Zilianza kuja Jumamosi asubuhi. Watu wa msikitini walikuwa nazo, wengi hata hawakujua ni za nani. Walifungua manjano, wakaona Bismillah, wakafanya kama mimi na wewe tungefanya. Nyingine ilikuwa juu ya kabati, nyingine imechomekwa kwenye upenyo wa paa, nyingine mama mmoja aliikunja ndani ya mkoba wake mpya wa sikukuu, akawa anatembea nayo tu. Jumatatu wakaja wa Mutuka. Mama Theophil aliongoza msafara, wanawake watano, kila mmoja na Biblia au kitabu cha nyimbo, wanatoa karatasi zetu kama watu wanaotoa sadaka. Mmoja aliniambia, "Mimi herufi zenu sijui, lakini nikaona mwandiko wa mtoto na neno Mungu, nikasema hii haiwashi moto kwangu." Nikawapikia chai. Walikaa mpaka magharibi, na Amira akawasomea.

Twalha alishona alivyoagizwa. Ee, Mama, ungemwona! Jitu zima limekaa kwenye mkeka na shazia, ulimi nje, linajichoma vidole na kunyamaza kimya. Siku ya kwanza Amira alimpa mgongo. Siku ya pili akawa anatazama pembeni. Ya tatu akashindwa, akasema, "Baba, unashona Machi juu ya Februari." Akamnyang'anya, akaanza kuzipanga. Sasa wanashona wote. Daftari linanukia mdalasini, ukilifungua unapata njaa.

Umebaki ukurasa mmoja tu, nao ndio ule ule wa tarehe 14 Mei ulioniomba. Nimepita nyumba kwa nyumba, hakuna. Kwa mwalimu mkuu labda mmoja usingeharibu kitu, lakini Amira amegoma. Anasema alimwahidi siku kwa siku, na siku hiyo ndiyo siku yenyewe. Bila huo haendi. Aliandika shukrani yake chini, na mimi sikuisoma, niliitwa dukani kabla hajamaliza na jioni nikasahau. Namuuliza uliandika nini, anasema, "Kama haurudi, haurudi."

Shule zinafunguliwa Jumanne. Nimemwambia aandike upya, akanitazama kama vile nimemwambia aseme uongo. Nifanyeje, Mama? Wewe ni mwalimu.

Mwamvita


Kondoa
5 Julai 2025

Mwanangu Mwamvita,

Ukurasa ninao.

Niliufungua siku iliyofuata Idi, una iliki yangu ndani. Nikaona Bismillah, nikaona mwandiko wa Amira, nikajua ni kitu gani. Na Mungu anisamehe, nilidhani umeshindwa. Nilidhani umechoka kufundisha, ukaona daftari halina kazi, ukalitupia dukani liwe karatasi. Ndiyo maana nikakuuliza, halafu ukanijibu mahindi. Nikakuomba ukurasa ninaoushika mkononi, nione utasema nini. Nilikutega, mtu mzima mimi. Barua ya Twalha ilipofika niliona haya hata mbele ya kuku.

Sasa utauliza kwa nini sikuurudisha siku ile ile. Niliukunja tayari, nikaenda mpaka kwenye basi. Mudy akanyoosha mkono. Nikautazama ule mfuko wake wa nyuma. Jina la Mwenyezi Mungu likaliwe kutoka Kondoa mpaka Babati? Nikamwambia nimesahau kitu nyumbani, nikageuka. Nikawa nasubiri nipate mtu wa kumwamini, na kila niliyemfikiria nilimtoa kasoro. Mpaka jana barua yako ilipofika, nikaona huyo mtu ninayemtafuta ni mimi, na kinachonishika hapa ni masikio tu.

Kabla sijaja, nikusomee ambacho hukusoma. Juu kuna hesabu, robo tatu gawanya kwa nusu. Umekosea, ukapiga mstari mmoja kama nilivyoagiza. Umekosea tena, mstari mwingine. Ya tatu mmepata. Halafu chini, kwa mwandiko unaopanda mlima:

"Leo namshukuru Mwenyezi Mungu kwa sababu mama amekosea mara mbili akacheka, na mimi nikacheka. Tangu pikipiki nilikuwa sijacheka. Nilifikiri kicheko kimevunjika pia."

Nimeusoma ukurasa huu baada ya kila swala. Darasani kwangu, mwanangu, hakuna mtoto aliyewahi kucheka.

Nimechukua kalamu nyekundu. Tisa mkono wangu unaiandika wenyewe, hata usingizini. Nikaishika kalamu pale nikashindwa. Kumi ni ya Mungu, na hapo sijabadilika. Lakini jina Lake si liko pale juu? Basi nimeiandika kumi, kubwa, katikati ya ukurasa. Yeye mwenyewe anajua atamgawia nani.

Nakuja Jumatatu, Sabasaba, na basi la asubuhi. Ukurasa nimeufunga kwenye khanga, utakaa kifuani. Twalha aje stendi, asipige honi wala kuniita kwa mbali, anishike mkono tu. Mkiniambia kitu nisisikie, mniandikie. Kaki si ipo dukani?

Mwambie Amira sare yake apige pasi. Na uzi msiukate, mniachie nafasi ya ukurasa mmoja.

Mama yako